Membreni za RO Zinazoziba Kabla ya Wakati: Mwongozo Kamili kwa Mitambo Midogo ya Dar es Salaam

Malalamiko ni yale yale. Mtambo wa RO, yaani unaosafisha maji kwa kuyasukuma kwa presha kupita kwenye membreni (ngozi laini inayozuia chumvi), ulianza kwa kutoa lita 1,000 kwa saa, mwezi wa tatu umeshuka hadi 600. Fundi kaja na asidi, kaosha, maji yakapanda kidogo, wiki mbili baadaye umerudi pale pale. Mwisho zinanunuliwa membreni nne mpya, nazo zinaziba vilevile kwa sababu hakuna kilichobadilika kabla yake.

Mwongozo huu ni wa mtambo wa aina hiyo: membreni nne za inchi 4 kwa 40 (zinaandikwa 4040) zilizofungwa mstari mmoja, unaotumia maji ya kisima kirefu au ya DAWASA. Kama wako una membreni nyingi zaidi, ongeza vipimo kwa uwiano huo huo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Geji za presha zinazosoma sawasawa: kabla na baada ya chujio la mchanga, kabla na baada ya katriji (chujio dogo la kubadilishwa), mwanzoni na mwishoni mwa membreni
- Kipima TDS (jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka), kipima pH (karatasi za pH ni za dharura tu) na kipimajoto
- Ndoo ya lita 20 na saa ya simu
- Kifaa cha kupimia SDI (kipimo cha jinsi maji yanavyoziba chujio haraka): kishikio cha karatasi ya chujio ya milimita 47, karatasi za mikroni 0.45, kidhibiti presha na silinda ya mililita 500
- Vidonge vya DPD vya kupimia klorini
- Katriji za mikroni 5, pamoja na za akiba
- Pipa la plastiki la lita 100 na pampu ndogo isiyoliwa na dawa, ya kutoa lita 1,800 hadi 2,300 kwa saa
- Kostiki soda, asidi ya sitriki, na sodiamu metabisalfaiti ya daraja la chakula isiyochanganywa na kobalti
- SDS ya unga, ile wanayonunua watengeneza shampuu
- Miwani ya kukinga macho, glavu ndefu, aproni na maji ya kutosha ya kunawia

Ukikosa fedha ya vyote kwa mpigo, anza na geji. Mtambo usio na geji unaendeshwa kwa ramli.

## Hatua ya 1: Andika hali ya mtambo ukiwa mzima

Membreni zikiwa mpya, au mara tu baada ya kuoshwa vizuri, uache mtambo ufanye kazi saa 24 hadi 48. Kisha andika: presha ya kuingia, presha ya kutoka upande wa maji ya kutupa (yaliyokolea chumvi), lita za maji safi kwa saa, lita za maji ya kutupa kwa saa, TDS ya kuingia, TDS ya maji safi, na joto la maji. Baada ya hapo andika kila siku, saa ile ile.

Joto lisiachwe. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikipanda, maji safi huongezeka kwa takribani asilimia 3, na ikishuka hupungua vivyo hivyo. Tangi lililo juu ya paa Februari si tangi la Julai. Maji yakipata joto nyuzi 4 zaidi, mtambo ulioziba kwa asilimia 12 utaonekana mzima kabisa, na uchafu utaendelea kukaa kimya. Kinyume chake, Julai watu huosha membreni zisizo na kosa lolote.

Kuosha kunahitajika pale moja kati ya haya inapotokea, ukishasahihisha joto na presha ikiwa ile ile:

- maji safi yamepungua kwa asilimia 10
- tofauti ya presha kati ya mwanzo na mwisho wa membreni imepanda kwa asilimia 15
- chumvi inayopita kwenye maji safi imepanda kwa asilimia 10

Wengi husubiri maji yashuke kwa asilimia 40. Wakati huo uchafu umeshagandamana, na dawa haifiki unakotakiwa.

## Hatua ya 2: Pima SDI ya maji yanayoingia

Maji yanayong'aa kwenye glasi yanaweza kuziba membreni ndani ya mwezi. Jicho halioni tope laini; SDI inaliona.

1. Funga kifaa baada ya katriji, kabla ya pampu ya presha kubwa.
2. Rekebisha presha iwe bar 2.1.
3. Weka karatasi mpya, fungua, na uhesabu sekunde za kujaza mililita 500. Hizo ni sekunde za kwanza.
4. Acha maji yaendelee kupita kwenye karatasi ile ile. Usifunge.
5. Dakika ya 15 ikifika, hesabu tena sekunde za kujaza mililita 500. Hizo ni sekunde za pili.
6. Gawanya za kwanza kwa za pili, toa jibu kwenye 1, zidisha kwa 100, gawanya kwa 15.

Mfano: mara ya kwanza sekunde 28, mara ya pili 70. 28 kwa 70 ni 0.4, 1 toa 0.4 ni 0.6, mara 100, gawanya kwa 15, unapata 4.

Lengo ni chini ya 3. Kati ya 3 na 5 mtambo utaenda, ila utaosha mara nyingi. Ukizidi 5 zima, urekebishe kinachotangulia.

Karatasi usiitupe. Ianike, iandike tarehe, ibandike kwenye daftari. Rangi ya kahawia iliyoiva au nyekundu ni kutu. Nyeusi ya kuchafua kidole mara nyingi ni vumbi la kaboni au manganizi. Kijivu au rangi ya udongo ni tope. Njano yenye kuteleza ni mabaki ya mimea na vijidudu.

## Hatua ya 3: Fungua hauzingi uone kwa macho

Hauzingi ni bomba linaloshika membreni. Zima, shusha presha yote, fungua kifuniko cha upande maji yanakoingia, halafu cha mwisho. Pitisha kidole ndani ya kifuniko.

Utelezi kama wa samaki, wenye harufu ya bwawa, upande wa kuingia: vijidudu vimejenga. Vumbi jekundu upande huo huo: kutu. Chenga ngumu zinazokwaruza kama za ndani ya birika, upande wa mwisho: ukoko wa chumvi. Ukoko huanzia mwisho kwa sababu huko ndiko maji yamekolea zaidi. Dondoshea chenga hizo asidi ya sitriki iliyoyeyushwa. Zikichemka mapovu ni chokaa.

Usiruke hatua hii. Dawa inayotoa ukoko haitoi utelezi, na ikitangulia mahali pasipo pake inaugandisha. Ndiyo maana ile asidi ya fundi ilisaidia wiki mbili tu.

## Hatua ya 4: Hakikisha chujio la mchanga linaoshwa kweli

Hapa ndipo mitambo mingi midogo inapoharibikia. Koki ya kuosha kinyumenyume, ambayo mafundi wanaiita bakiwoshi, inageuzwa kila siku kwa uaminifu, lakini mchanga hauoshwi.

Sababu ni hesabu. Wakati wa kuchuja, maji yanatakiwa yashuke kwenye mchanga kwa mita 8 hadi 10 kwa saa, au taratibu zaidi. Wakati wa kuosha yanatakiwa yapande kwa mita 35 hadi 40 kwa saa ili mchanga unyanyuke na chembe zisuguane. Maji ya moto kama yetu ni mepesi, kwa hiyo lenga 40, usilenge 35. Chujio la inchi 16 lina eneo la takribani mita ya mraba 0.125. Kulichuja vizuri ni lita 1,000 hadi 1,250 kwa saa. Kuliosha ni lita 4,400 hadi 5,000. Pampu ile ile ya lita 2,000 inayolisha mtambo haiwezi.

Pima kwa ndoo kwenye bomba la kutolea uchafu. Ndoo ya lita 20 inatakiwa ijae ndani ya sekunde 14 hivi. Ikichukua sekunde 40, unalowesha mchanga tu.

Mtambo wetu wa mfano unahitaji lita 1,700 za kuingia kwa saa, kwa hiyo chujio moja la inchi 16 ni dogo. Weka mawili sambamba, uchuje kwa yote, uoshe moja moja kwa kuwasha pamoja pampu mbili ambazo jumla yake inafika lita 5,000 kwa saa. Ni nafuu kuliko kununua chujio moja kubwa ambalo nalo litadai pampu kubwa zaidi.

Namna ya kuosha:

1. Fanya hivyo tofauti ya presha ikipanda kwa bar 0.5, au angalau mara mbili kwa wiki. Wakati wa masika kila siku.
2. Osha dakika 10 hadi 15. Kinga maji kwenye chupa nyeupe kila baada ya dakika 2 na uzipange mezani.
3. Rudisha koki upande wa kusuuza, maji ya dakika 5 za kwanza yaende nje, yasiende kwenye membreni.

Chupa zianze na rangi ya chai ya maziwa, zimalizie nyeupe. Zikiwa safi tangu ya kwanza wakati geji inaonyesha chujio limeziba, maji yamejitobolea njia pembeni na mchanga umeganda katikati. Fungua, uvunje mabonge kwa mkono. Ukikuta mchanga kwenye chupa, punguza kasi. Chujio la kaboni ni jepesi, mita 20 hadi 30 kwa saa zinatosha.

Katriji badilisha tofauti ya presha ikifika bar 0.7 hadi 1, au miezi mitatu hata kama presha haijapanda. Isifuliwe kwa brashi ikarudishwa. Nyuzi zikishafunguka inapitisha kila kitu, na geji itakudanganya kwa kusoma vizuri.

## Hatua ya 5: Malizana na kutu kabla ya tangi la mtambo

Jaza chupa mbili moja kwa moja kutoka kisimani. Moja ijae mpaka juu na uifunge. Nyingine iwe nusu, uitikise, uiache wazi hadi asubuhi. Ya wazi ikiweka mashapo mekundu, kisima chako kina chuma kilichoyeyuka.

Chuma kilichoyeyuka, kisipokutana na hewa, hupita kwenye mtambo bila kuleta shida kubwa. Balaa ni mpangilio tuliouzoea mjini: kisima, simtank, RO. Kwenye simtank maji yanakutana na hewa, chuma kinageuka kutu laini, na kutu hiyo inafika kwenye membreni nzima nzima.

Chuma kikizidi miligramu 0.3 kwa lita, fanya kazi yote: mwaga maji kama mvua kwenye tangi la kwanza, yape muda yatulie, yavute kwa bomba lililo sentimita 15 au zaidi juu ya sakafu ya tangi, kisha yapite kwenye mchanga. Baada ya mchanga tumia plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kipande kimoja cha bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) mbele ya membreni kinarudisha ulichotoa.

Kipimo cha mafanikio: karatasi ya SDI inatoka nyeupe au rangi ya krimu.

## Hatua ya 6: Klorini na utelezi

Wanaotumia maji ya DAWASA wanapokea maji ya mto yaliyotibiwa, na yana klorini. Klorini inaua vijidudu, lakini pia inakula membreni za poliamaidi, na zikishaliwa hazitengenezeki. Iwe chini ya miligramu 0.1 kwa lita inapofika kwenye membreni. Ukitia kidonge cha DPD, maji yasibadilike rangi.

Kuitoa tumia kaboni au metabisalfaiti, miligramu 3 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Maji ya lita 1,700 kwa saa yenye klorini 0.5 yanahitaji takribani gramu 2.6 kwa saa.

Kwa maji yenye asili ya mto, usidai lita 200 kwa saa kwa kila membreni, dai 160. Mvua za masika na vuli hubadilisha maji, na mabaki ya alamu ya kutibia maji yakipita nayo huziba. Bomba la mtaani likitoka kutengenezwa, maji ya mwanzo yamwage au yaende tangi la matumizi mengine.

Kwa kisima kisicho na klorini wala harufu, chujio la kaboni halina kazi. Zaidi linakuwa kiota cha vijidudu, chenye joto na chakula, mita moja tu kabla ya membreni. Liondoe. Tangi liwe jeusi na lenye mfuniko, kwa sababu jeupe linapitisha mwanga na mwani unaota. Lioshe kwa klorini kila mwezi, ukiwa umelitenga na mtambo, ulisuuze mpaka DPD isisome kitu.

Na onyo ambalo linavunjwa kila siku: usimimine jiki kwenye membreni eti kuua utelezi. Maji yataongezeka kweli siku ya pili, na TDS itapanda nayo, kwa sababu umetoboa membreni.

## Hatua ya 7: Usibane koki ya maji ya kutupa

Mwenye mtambo anaona maji yanamwagika, roho inamuuma, anabana koki. Maji safi yanaongezeka siku hiyo. Lakini maji ya kutupa ndiyo yanayofagia uso wa membreni, na mwishoni mwa mstari wa 4040 zisipopita angalau lita 700 kwa saa, uchafu unakaa.

Kubana kunakoleza chumvi pia. Ukigeuza nusu ya maji kuwa safi, yanayobaki yamekolea mara 2. Ukigeuza robo tatu, mara 4. Membreni nne za maji ya kisima ziendeshe hivi: maji safi lita 800 kwa saa, ya kutupa 900. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa kwa maji ya maabara. Maji ya kutupa yapeleke chooni au kwenye kudeki.

Dawa ya kuzuia ukoko huwekwa miligramu 3 hadi 5 kwa lita. Muuzaji akupigie hesabu kwa vipimo vya maji yako, na visima vya karibu na bahari vipimwe upya mwisho wa kiangazi kwa kuwa chumvi hupanda. Kwa miligramu 4 na lita 1,700, ni gramu 6.8 kwa saa, yaani mililita 68 za mchanganyiko wa moja kwa kumi. Usiizimue zaidi ya hapo, itaota vijidudu. Chora mstari kwenye dumu asubuhi: baada ya saa 10 liwe limeshuka mililita 680. Pampu ya dawa inaweza kugonga siku nzima huku imenasa hewa, haivuti tone.

## Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Maji yaliyokolea yakisimama ndani ya membreni, ukoko unaanza hapo hapo na vijidudu vinapata usiku wa raha. Tenga tangi dogo la lita 100 za maji safi ya RO, mita 3 juu ya mtambo, likiunganishwa upande wa kuingia kwa koki ya umeme ya aina inayofunguka yenyewe umeme unapokatika. Koki ya kutupa nayo ifunguke yote. Umefaulu ikiwa TDS ya maji yanayotoka upande wa kutupa imeshuka karibu na ile ya maji safi.

Tahadhari: kama tangi la maji safi liko juu ya paa, weka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba lake. Presha ya nyuma ikizidi bar 0.3, ambayo ni mita 3 tu za kimo, inabandua gundi za membreni.

Umeme ukirudi, panda presha taratibu, nusu dakika hadi dakika nzima.

## Hatua ya 9: Kuosha

Kadiria lita 10 za dawa kwa kila membreni, ongeza lita 20 za mabomba: lita 60. Tumia maji safi ya RO yasiyo na klorini. Tanguliza kostiki pale penye utelezi au tope, halafu asidi. Ikiwa hatua ya 3 ilionyesha chokaa tupu, asidi peke yake.

Mzunguko wa kostiki

1. Vaa miwani na glavu. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki.
2. Lita 60 zinachukua gramu 60 za kostiki na gramu 15 za SDS. Tia kidogo kidogo, simama pH ikifika 12. Sabuni ya unga ya kufulia na ya kulainisha nguo ni marufuku. Baadhi ya viungo vyake hunata kwenye membreni na havitoki tena.
3. Zungusha kwa presha ndogo, bar 1.5 hadi 4, lita 1,800 hadi 2,300 kwa saa. Maji safi yasitoke, au yatoke kidogo sana. Yakitoka mengi, presha inaukandamiza uchafu badala ya kuunyanyua.
4. Lita 10 za kwanza zinazorudi zimejaa uchafu, zimwage.
5. Zungusha dakika 45, loweka saa 1, zungusha tena dakika 30. Palipochafuka sana loweka usiku kucha.
6. Chunga joto: lisizidi nyuzi 35. Maji yetu yanaanza 28 au 30, na pampu inayazidishia moto. Chupa mbili za barafu zilizofungwa, zikielea kwenye pipa, zinatosha.

Rangi ikikolea kama chai, badilisha dawa uendelee. Kisha suuza mpaka pH irudi ya kawaida.

Mzunguko wa asidi

Kilo 1.2 za sitriki kwa lita 60, pH kuzunguka 2, utaratibu ule ule. pH ikipanda ndani ya dakika chache, ukoko unaila asidi. Ongeza sitriki mpaka itulie. Usichanganye na metabisalfaiti, inatoa gesi inayokaba pumzi, wala usitie kostiki na asidi pipa moja wakati wa kazi.

Ukimaliza, suuza, washa, na mwaga maji safi ya nusu saa ya kwanza. Baada ya saa 24 linganisha na daftari la hatua ya 1. Maji yakirudi asilimia 95 au zaidi ya mwanzo, kazi imekubali. Yakirudi 80, rudia kostiki kwa kulowekwa usiku. Yakigoma tena, badilisha membreni ya kwanza tu kama tatizo lilikuwa utelezi au kutu, au ya mwisho tu kama lilikuwa ukoko, badala ya zote nne.

Dawa zilizotumika zikusanye kwenye pipa, zichanganye polepole mpaka pH ikaribie 7, ndipo zimwagwe. Mtambo utakaosimama zaidi ya saa 48 ujazwe metabisalfaiti ya gramu 10 kwa lita, ufungwe usiingie hewa. Kwa joto la hapa ibadilishwe kila mwezi, au mapema zaidi pH ikishuka hadi 3.